Kifaransa hakisomwi kama Kiswahili

Hapa Kigoma, ambako Warundi na Wakongo tunao sokoni kila siku, bado nasikia: "Neno refu la Kifaransa? Ligawe silabi, soma kila herufi." Sivyo.

Chukua *développement*, yaani maendeleo. Kwenye maandishi hukatwa *dé-ve-lop-pe-ment*, vipande vitano. Mdomoni hubaki vinne, mara nyingi vitatu tu: "dev-lop-ma", na hiyo "a" ya mwisho hupitia puani. Herufi *e* zisizo na alama kwenye *ve* na *pe* humezwa. "T" ya mwisho haitamkwi kabisa. Kwenye kitenzi *ils parlent* (wanasema), *-ent* yote hunyamaza: "parl"!

Mkazo nao hatuuweki silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Huangukia silabi ya mwisho inayosikika.