Je, Wajua Kwa Nini Rupia Mbili za Mjerumani Zenye Uzito Mmoja Hazinunuliwi kwa Bei Moja?

Mtu akiingia kwa sonara wa Kariakoo na rupia tatu za Mjerumani alizorithi kwa bibi yake, ataona kwamba sonara hazitazami sana. Huziweka kwenye mizani, husoma gramu, kisha hutaja bei moja kwa zote. Akizichukua zile zile na kuzipeleka kwa mnunuzi wa sarafu za kale, zitatenganishwa: moja itawekwa kando kwa uangalifu, na mbili zitarudi kwenye mizani. Anayenunua sarafu za fedha ili aziuze tena hupata riziki yake katika tofauti iliyopo kati ya bei ya sonara na bei ya mnunuzi huyo wa pili, na hawezi kuitumia tofauti hiyo kama hajui namna bei zote mbili zinavyofikiwa.

Bei ya sonara ni bei ya madini. Rupia ya Mjerumani ilianza kutolewa mwaka 1890 na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ikafuata kipimo cha rupia ya India ambayo tayari ilikuwa ikitumika pwani: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000 za uzito huo, 917 ni fedha halisi na zilizobaki ni shaba. (Sonara wa siku nyingi hahitaji kuikariri tarakimu hiyo, kwa kuwa gramu 11.66 ndiyo tola moja.) Fedha halisi iliyomo basi ni kama gramu 10.7. Bei ya fedha duniani hutajwa kwa aunsi ya gramu 31.1, tuchukulie, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba aunsi ni dola 30. Gramu moja itakuwa na thamani ya senti 96 hivi za dola, na rupia nzima dola 10 na senti chache. Sonara hatalipa kiasi hicho chote, kwa sababu anapaswa kuiyeyusha, kuisafisha na kuuza tena, na rupia iliyopita mikono mingi huwa imekwisha kupoteza sehemu ya uzito wake. Hata hivyo, bei yake ni sakafu: sarafu halali ya fedha haishuki chini sana ya hapo.

Bei ya mkusanyaji hujengwa juu ya sakafu hiyo, na haifuati mizani hata kidogo. Yeye huuliza mwaka, herufi ya kiwanda na hali ya sarafu. Rupia za Kampuni, zilizotolewa kati ya 1890 na 1902, zina sura ya Kaizari Wilhelm II akiwa amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili kuna nembo ya simba. Zile za serikali ya kikoloni, kuanzia 1904 hadi 1914, zina maandishi ya Deutsch Ostafrika pamoja na herufi ndogo, A kwa kiwanda cha Berlin au J kwa kile cha Hamburg. Sarafu ya rupia mbili ilitengenezwa mwaka 1893 na 1894 pekee, kwa hiyo ni adimu, na ndiyo maana haifai kuuzwa kwa gramu hata ikiwa na mikwaruzo. Halafu kuna hali. Ukiikaribisha sarafu kwenye mwanga wa dirisha, ukatazama manyoya ya tai juu ya kofia na nywele za masharubu, utaona kama mistari ile ingali inahesabika au imekuwa bapa. Mistari inayohesabika inaweza kuipandisha bei mara kadhaa.

Kwa sababu hiyo hiyo, kosa linaloangamiza faida kuliko mengine yote ni kuisafisha sarafu. Watu wengi, kwa nia njema kabisa, hupaka majivu, dawa ya meno au limau ili sarafu ing'ae kabla ya kuipeleka sokoni. Weusi ule ni salfaidi ya fedha iliyojijenga polepole kwa miaka, na mkusanyaji huutafuta kama ushahidi kwamba uso wa sarafu haujaguswa. Sarafu iliyosuguliwa inabaki na mikwaruzo midogo isiyofutika, nayo hurudi kwa sonara ikapimwe.

Ipo sarafu moja inayowachanganya hata wazoefu, nayo ni riale ya Maria Theresa, iliyotumika sana Zanzibar na pwani yote katika karne ya 19. Imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo wa Austria, na mwenye nayo huamini kwamba ameshika kitu cha zaidi ya miaka 200. Kumbe mwaka huo haukubadilishwa kamwe: sarafu hiyo iliendelea kupigwa Vienna, na kwa nyakati mbalimbali Roma, London, Paris, Brussels na Bombay, ikiwa na tarehe ile ile, na kiwanda cha Vienna hakijaiacha hadi leo. Kwa hiyo tarehe haimwambii mnunuzi chochote. Kinachobaki ni uzito wa gramu 28.07, wenye fedha halisi ya gramu 23.4, ambayo kwa hesabu yetu ya dola 30 inakaribia dola 22 na nusu. Ni sarafu nzuri kwa anayetaka kuweka akiba ya madini, lakini asiinunue kwa bei ya ukale.

Shilingi za mfalme, za Afrika Mashariki ya Mwingereza, zina mtego wa aina nyingine. Zilipoanza mwaka 1921 zilikuwa na fedha robo tu ya uzito wake, yaani chini kidogo ya gramu mbili, na kuanzia toleo la 1948 ni shaba na nikeli tupu. Fedha kidogo namna hiyo humezwa na gharama ya kuitenganisha na shaba, na kwa maoni yangu kuzinunua kwa kilo ili ziyeyushwe ni kazi ya hasara. Shilingi zetu zenyewe, zilizoanza 1966, hazina fedha kabisa. Isipokuwa baadhi ya zile za kumbukumbu, kama za 1974, shilingi 25 yenye twiga na shilingi 50 yenye kifaru, ambazo hazikukusudiwa kwenda sokoni kununulia nyanya.

Sarafu za bandia zipo kwa wingi, na sumaku haitoshi kuzikamata, kwa kuwa risasi na shaba nyeupe, yaani shaba iliyochanganywa na nikeli, nazo hazivutwi. Kipimo kinachoaminika ni cha maji. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ya kidijitali, irudishe kwenye sifuri, kisha uining'inize rupia kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako wala kingo. Mizani itaonyesha takriban gramu 1.13, ambayo ni ujazo wa sarafu hiyo kwa sentimita za ujazo. Kipande cha shaba na nikeli chenye uzito ule ule kitaonyesha 1.31, na cha risasi 1.03. Tofauti ni ndogo, kwa hiyo mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu ni lazima. Mtu anayekataa sarafu yake isitiwe majini, huku akisimulia hazina za Wajerumani zilizofukiwa na rupia zenye nguvu za ajabu na thamani ya mamilioni, aagwe kwa heshima.

Faida yenyewe hupatikana siku ya kununua. Wanaofanya biashara hii kwa muda mrefu hununua fungu zima kwa bei iliyo karibu na ya madini, huchambua, huuza chache zilizo bora kwa wakusanyaji, na nyingine humwachia sonara ili mtaji urudi. Kuuza nje kwa mtandao huleta bei ya juu zaidi, ila makato, posta na bima vinaweza kula faida yote ya sarafu ya dola 15. Kukaa na mzigo nako kuna hatari yake: aunsi ilikaribia dola 50 mwaka 1980, ikakaribia tena mwaka 2011, ikaanguka chini ya 14 kufikia mwisho wa 2015, kisha ikavuka 50 Oktoba 2025. Aliyenunua 2011 alisubiri miaka 14.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini kabla ya 1863, hivyo sarafu za masultani wa Kilwa zinazookotwa kwenye magofu si bidhaa ya kuuzwa wala kusafirishwa bila kibali. Rupia ya 1890 na kuendelea haiguswi na mwaka huo, na ndiyo inayozunguka zaidi mikononi mwa wanunuzi wa Dar es Salaam.