Eastleigh kwa macho ya mthamini wa majengo

Kazi yangu ni kuthamini majengo, na hakuna mtaa wa Nairobi unaonitoa jasho kama Eastleigh. Chumba kidogo kinachotazama First Avenue kinaweza kuzidi bei ya nyumba nzima iliyo nyuma yake. Biashara ndiyo iliyoujenga mtaa huu, na bei zake huzielewi mpaka uanzie hapo.

Eastleigh ilianzishwa 1921, viwanja vikapimwa kwa mistari iliyonyooka. Wahindi wengi waliishi hapa, Wasomali nao wamekuwapo tangu enzi za mkoloni, na Pumwani jirani kuna Waswahili wa mtaa wa Majengo. Uwanja wa ndege wa Nairobi nao ulikuwa huku, hadi ule wa Embakasi ulipofunguliwa 1958. Siku hizi ni kambi ya jeshi la anga. Kwa hiyo ukinunua kiwanja karibu nayo, ulizia kibali cha urefu wa jengo kabla ya kuota ghorofa.

Garissa Lodge ilikuwa nyumba ya kulala wageni. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka 1991, wakimbizi kutoka Somalia walipanga vyumba vyake na kuuzia bidhaa humo humo: mchana duka, usiku kitanda. Haikuchukua muda vyumba vikageuzwa vibanda vya biashara kabisa. Wenye majengo mengine wakaiga, na leo kuna majumba ya maduka kama Amal Plaza na BBS.

Kinachowashangaza wateja wangu ni gudwili. Kabla ya kodi ya kwanza, mpangaji wa duka humlipa mwenye jengo fungu nono ili apewe nafasi, na mara nyingine fungu hilo hukusanywa zege la ghorofa za juu likiwa bado bichi. Yaani wapangaji ndio wanaochangia ujenzi! Ukithamini jengo la hapa kwa kodi ya mwezi peke yake, umepotea.

Kwa mkazi, karibu kila kitu kipo hatua chache kutoka mlangoni. Asubuhi kuna anjera, ile mikate laini ya maji ya Kisomali, na chai ya viungo, mchana wali na nyama ya ngamia, na Wahabeshi wana mikahawa yao. Miraa ya Meru hufika imefungwa kwa majani ya migomba. Akina mama huuza maziwa ya ngamia yaliyosafirishwa kwa basi kutoka Isiolo. Kibuyu kikifunguliwa unasikia harufu ya moshi, kwa sababu hufukizwa kabla ya kutiwa maziwa. Asiyezoea hukunja uso, mimi naongeza kikombe. Misikiti na makanisa yapo, mawakala wa hawala wa kutuma pesa na wa M-Pesa kila kona, na hospitali ya uzazi ya Pumwani haiko mbali.

Huduma za umma ndizo zinazosuasua. Viwanja vilivyopimiwa nyumba za chini sasa vimebeba ghorofa juu ya ghorofa, na mabomba ya majitaka yanalemewa. Uwanja wa watoto kuchezea ni nadra.

Ukitafuta nyumba, panda matatu ya njia namba 6 au 9 siku ya mvua, ujionee maji yanaelekea wapi. Muulize bawabu kama kuna kisima au wanangoja lori la maji, kisha fungua bomba la ghorofa ya juu mwenyewe.