Unataka kuacha sigara? Anza na kahawa

Hapa Ngamiani swali hufika dirishani karibu kila wiki: "Dokta, dawa ya kuacha sigara ipo?" (Mimi ni mfamasia, lakini Tanga ukivaa koti jeupe umeshakuwa dokta.) Dawa zipo. Bigijii ya nikotini (kile kilevi cha tumbaku) imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Ila kabla ya dawa mimi huuliza: kahawa unakunywa vikombe vingapi kwa siku?

Watu hunishangaa. Sababu ni hii: moshi wa tumbaku hulichochea ini liiondoe haraka mwilini kafeini, kile kichangamshi cha kahawa. Ni moshi unaofanya hivyo, si nikotini. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache ini hurudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile ulivyozoea vinaweza kukuachia kafeini mara mbili kwenye damu. Mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji. Mtu anasema arosto, yale mateso ya kukosa sigara, imemzidi, anawasha. Kumbe kahawa nayo imo.

Arosto yenyewe huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hukaza siku ya pili au ya tatu, kisha hulegea wiki hadi wiki. Hamu ikikubana, mara nyingi hupita ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo chagua tarehe, isizidi wiki mbili kutoka leo. Mpaka ifike, andika saa ya kila sigara na ulikuwa na nani. Wengi wetu tunanunua mojamoja dukani, basi hata hesabu hatuna. Utaona ipo ya alfajiri, na ipo ya barazani: muuza kahawa akigonganisha vikombe tu, mkono umeshaingia mfukoni. Sikwambii uhame baraza, hutanisikiliza. Kaa upande wa wasiovuta, waambie wenzako tarehe yako, na kuanzia siku hiyo punguza kahawa kwa nusu. Chai ya tangawizi isiyo na majani haina kafeini.

"Mbona Ramadhani nashinda bila sigara?" Kweli, lakini angalia unavuta ngapi baada ya futari. Ziandike na hizo.

Kama unatumia klozapini au olanzapini (dawa za magonjwa ya akili) au teofilini (ya pumu), mwone daktari wako kabla ya tarehe hiyo. Ini huziondoa kwa njia ileile ya kafeini, na dozi inaweza kuhitaji kupunguzwa.