WebUSB haisomi flashi yako

Juzi tena nimemsikia mtu akimwonya mwenzake: usifungue tovuti hiyo, ina WebUSB, itasoma USB yako. Alikuwa anaonyesha kidole kwenye flashi iliyochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Mwenzake akaichomoa papo hapo, wakaendelea na kazi wakiamini hatari imepita.

WebUSB ni njia ya ukurasa wa wavuti kuzungumza moja kwa moja na kifaa kilichounganishwa kwa USB, bila kusakinisha programu ya pembeni, baada ya mwenye kompyuta kukichagua kifaa hicho na kukiruhusu. Imo ndani ya Chrome tangu toleo la 61, mwaka 2017, na vivinjari vilivyojengwa juu ya msingi uleule, kama Edge na Opera, vinayo pia. Firefox na Safari hazina, kwa sababu Mozilla na Apple wameikataa waziwazi. Maana yake ni hiyo tu. Kinachotuvuruga ni zile herufi tatu za mwisho.

USB ni kifupi cha maneno matatu ya Kiingereza, Universal Serial Bus, na hakuna hata moja linalotaja hifadhi. U ni ya wote: kabla ya hapo printa ilikuwa na tundu lake, kibodi lake, kipanya lake, na plagi ya huyu haikuingia kwa yule. S ni mfululizo: biti hupita moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni. B ni basi. Ndiyo, basi lilelile la abiria. Katika karne ya 19 Wafaransa waliyaita magari ya farasi yaliyobeba kila mtu omnibus, neno la Kilatini lenye maana ya "kwa ajili ya wote". Waingereza wakalikata wakabaki na mkia wake, na sisi tukaupokea mkia huo tukaupa irabu. Mafundi umeme nao waliazima neno lilelile kuitia jina ile nondo nene ya shaba inayogawa umeme kwa saketi zote, na kutoka kwao likafika kwenye kompyuta, likimaanisha njia moja inayotumiwa na wengi.

Kwa hiyo USB ni barabara. Toleo lake la kwanza lilitoka Januari 1996, ilhali flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000. Kwa miaka minne barabara ilipitisha vipanya, kibodi na printa kabla flashi haijawahi kukanyaga hapo. Kuiita flashi "USB" ni kumwita abiria mmoja kwa jina la barabara, na mazoea hayo hayana madhara hadi siku linapokuja jina kama WebUSB. Hapo msikilizaji anaelewa "wavuti wa flashi", na anaogopa kitu ambacho hakipo huku kilichopo kikimpita.

Tazama kinachotokea kifaa kinapochomekwa. Kwanza hujitambulisha. Hutaja namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa, kila moja ya biti 16, kisha hutaja milango yake ya kuzungumzia, ambayo mafundi huiita violesura. Kila kiolesura kina namba ya aina yake: sauti ni 01, kibodi na kipanya ni 03, hifadhi ya data ni 08, kadi erevu, yaani kadi zenye chipu, ni 0B, video ni 0E. Aina hizi zote WebUSB imekatazwa kuzigusa, hata mtumiaji angekubali. Flashi ni 08. Mfumo endeshi huichukua wenyewe, huonyesha mafaili yake, na ukurasa wa wavuti hulipata faili lile tu ulilolichagua kwa mkono wako, kama ambavyo umekuwa ukipakia picha na barua miaka yote.

Mara nyingi kinachobaki kwa WebUSB ni aina FF, yaani "anajua mtengenezaji mwenyewe". Chukua micro:bit, kile kibao kidogo cha kufundishia watoto kuandika programu. Unachomeka kebo moja, kompyuta inaona vitu kadhaa. Inaona diski iitwayo MICROBIT, ambayo ndani yake kuna faili la DETAILS.TXT. Inaona njia ya mfululizo ya kupokea maandishi kutoka kwenye kibao. Na inaona kiolesura cha FF cha kuandikia chipu. Ukibonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye ukurasa wa kuandikia programu, kivinjari kinafungua kidirisha chenye mstari kama "BBC micro:bit CMSIS-DAP". Ukiuchagua, ukurasa unashika kile kiolesura cha FF, unatuma baiti, na programu inaanza kufanya kazi kwenye kibao. Lakini ile DETAILS.TXT, iliyo kwenye kebo hiyohiyo na kibao hichohicho, WebUSB haiwezi kuifungua. Mfano huu naupenda kwa sababu unamaliza ubishi: waya ni mmoja, ila milango ni tofauti, na makatazo huwekwa kwa mlango.

Njia ya maandishi ya kibao hicho ina mlango wake pia, uitwao Web Serial. Vifaa kama fimbo za michezo huenda kwa WebHID. Hizi ni ndugu, na wengi wanaolalamika kwamba "WebUSB haioni kibao changu cha Arduino" walipaswa kubisha kwa Web Serial, maana mfumo endeshi umeshaushika mlango wa mfululizo na hauuachii.

Na "Web" iliyo mbele haina maana kwamba mtu wa mbali ameunganishwa na kebo yako. Msimbo unaozungumza na kifaa unaendeshwa ndani ya kivinjari chako, kwenye mashine yako. Ila ukurasa ukishasoma kitu unaweza kukituma unakotaka, kwa hiyo tahadhari ina mahali pake. Mwaka 2018 watafiti Markus Vervier na Michele Orrù walionyesha kwamba ukurasa ungeweza kupitia WebUSB kuzungumza na YubiKey NEO, ufunguo wa kuingilia akaunti, na kuruka ule ukaguzi unaohakikisha kwamba tovuti inayouliza ndiyo tovuti halisi. Mlango wa aina 03 ulikuwa umefungwa, wakapita ule wa kadi erevu. Ndiyo maana 0B imo kwenye orodha niliyoitaja. Mozilla wana hoja nzito hapa: vifaa vingi vilitengenezwa vikiamini kwamba upande wa pili wa waya kuna programu ya kuaminika, na kidirisha cha ruhusa hakiwezi kumweleza mtu wa kawaida anachokubali. Kwangu hoja hiyo ina uzito zaidi ya hofu yote ya flashi.

Basi ndugu yangu uliyeonya, nia yako ilikuwa njema. Ukikutana tena na mwenzako, mwambie hivi: ukurasa hauwezi kugusa kifaa chochote kwa WebUSB kabla hujabonyeza kitu na kuchagua jina kwenye kidirisha. Kidirisha kikija bila wewe kukusudia kuunganisha kifaa, bonyeza kughairi. Na kama uliwahi kuruhusu kifaa zamani, ruhusa hiyo inaweza kuwa bado ipo. Inaondolewa kwenye mipangilio ya tovuti ile. Flashi yake anaweza kuiacha ilipo.