Kusamehewa si kurudishiwa kiti: dhana potofu kuhusu viongozi wa kanisa walioanguka

Kiongozi wa kanisa anapoanguka, iwe katika uzinzi, katika fedha za sadaka au katika kuwanyanyasa aliopewa kuwachunga, waumini hugawanyika upesi. Wapo wanaotaka arudi madhabahuni mara moja kwa kuwa Mungu ni mwingi wa rehema, na wapo wasiotaka hata kumwona ibadani. Pande zote mbili zinachukulia kwamba msamaha na utumishi ni jambo moja, na dhana nyingi potofu huzaliwa hapo.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba akishatubu hakuna tena sababu ya kumzuia kuhubiri. Kanisa la karne za mwanzo halikuona hivyo. Kanuni ya 25 katika zile ziitwazo Kanuni za Mitume, mkusanyo wa taratibu za kanisa wa karne ya 4, inaagiza kwamba askofu, kasisi au shemasi akipatikana na uasherati, kiapo cha uongo au wizi, avuliwe daraja lake lakini asitengwe na ushirika, kwa maelezo kwamba mtu haadhibiwi mara mbili kwa kosa moja. Kabla ya hapo, katikati ya karne ya 3, Cyprian wa Karthago na maaskofu wenzake wa Afrika waliletewa shauri la maaskofu wawili wa Hispania, Basilides na Martialis, waliokubali kupewa hati za kuthibitisha kwamba wameabudu miungu ili wasalimike wakati wa mateso. Jibu lao lilikuwa kwamba watu hao wanaweza kupokelewa kama watubuo, ila si kama maaskofu. Mlango wa toba uliachwa wazi, na kiti kikapewa mwingine.

Katika nyakati zetu mfano unaojulikana zaidi ni wa Jimmy Swaggart, mhubiri wa televisheni wa Marekani. Tarehe 21 Februari 1988, mbele ya kanisa lake mjini Baton Rouge, baada ya kufichuliwa kwamba alikutana na kahaba, alilia machozi yakimtiririka, akamgeukia mkewe na kumwomba radhi, kisha akawaomba radhi mwanawe, waumini na wahubiri wenzake. Watu wengi walisamehe hapo hapo, na sioni kwamba walikosea. Tatizo lilikuja baadaye. Viongozi wa kitaifa wa dhehebu lake la Assemblies of God walimtaka apitie kipindi cha kurejeshwa cha miaka miwili, mwaka mmodi kati ya hiyo akiwa hahubiri kabisa. Alikataa, akavuliwa uchungaji mwezi Aprili, na mwezi Mei alikuwa amesharudi mimbarani mwake. Mwaka 1991 alikutwa tena na kahaba, safari hii huko California, na kanisa likaambiwa kwamba Bwana amesema jambo hilo haliwahusu. Ninachokiona katika kisa hiki ni kwamba machozi ya hadharani yalichukuliwa kuwa mwisho wa toba, ilhali yalikuwa mwanzo wake tu.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kulitazama jambo hili kwa makini zaidi, kwa sababu uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulitufundisha kuungama mbele ya wenzetu. Ni urithi mwema, nami sina nia ya kuubeza. Lakini kuungama mbele ya ushirika kunaondoa siri peke yake; hakurudishi fedha zilizoliwa, wala hakumwondolei mke aibu aliyotwishwa, wala hakujibu kama mtu huyo anafaa kuachiwa tena funguo za ofisi na nafasi ya kumshauri mtu faraghani.

Wapo pia wanaonyamazisha kila swali kwa mstari wa Zaburi ya 105, "Msiwaguse masihi wangu." Ukisoma mistari inayoutangulia utaona kwamba habari ni ya Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache waliohamahama kutoka taifa hadi taifa, ambao Mungu aliwalinda dhidi ya wafalme. Walio dhaifu walikuwa wakikingwa dhidi ya wenye nguvu. Leo mstari huo huo unatumiwa kumkinga mwenye nguvu dhidi ya binti wa kwaya. Nathani alimkabili Daudi uso kwa uso, Paulo alimpinga Petro hadharani kule Antiokia, na waraka wa kwanza kwa Timotheo, sura ya 5, unaagiza kwamba mashitaka juu ya mzee yapokelewe kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu, na kwamba wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Agizo hilo linamlinda mtumishi asizuliwe uongo, na pia linalilinda kundi lisifichwe kweli.

Kisha huja hoja ya Daudi na Petro, ambao inasemekana walianguka na kurudi kazini pasipo masharti. Kwa Daudi, Nathani alitamka msamaha na matokeo ya dhambi katika mazungumzo yale yale: dhambi imeondolewa, lakini upanga hautaondoka nyumbani mwako. Mtoto alikufa, Absalomu akaasi, na Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke na kumwua, hakufufuka. Zaidi ya hayo Daudi alikuwa mfalme, na vigezo ambavyo Paulo anamwekea askofu, yaani asilaumike na ashuhudiwe mema hata na walio nje, haviwezi kufutwa kwa kutaja kiti cha enzi cha Israeli. Habari za Petro ni nyororo zaidi. Alikuwa amemkana Bwana wake akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, na kando ya bahari ya Tiberia alikuta tena moto wa makaa, akaulizwa mara tatu, masikioni mwa wenzake, kama anampenda Bwana. Alihuzunika kuulizwa mara ya tatu, lakini swali halikuondolewa. Tena kosa lake lilikuwa hofu ya usiku mmoja. Hakuna kondoo aliyekuwa amemla.

Tofauti hiyo ni nzito kwa sababu baadhi ya makosa si ya kanisa peke yake kuyaamua. Kudhani kwamba shauri la mtoto aliyenajisiwa linaweza kumalizwa na baraza la wazee kwa sala na faini ni kosa la imani na la sheria pia. Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inalitambua kuwa jinai, na nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa anapojua haki za mtoto zinavunjwa. Maaskofu Katoliki wa Marekani waliamua mwaka 2002 kwamba kasisi aliyethibitika kumdhulumu mtoto kingono, hata mara moja tu, aondolewe kwa kudumu katika huduma. Kumhamishia mtu wa namna hiyo usharika mwingine kimyakimya si msamaha.

Wanaoogopa kwamba ubatizo au ndoa iliyofungishwa na mchungaji huyo ni batili wanaweza kutulia. Swali hilo lilijibiwa wakati wa mgogoro wa Wadonato, kundi la huko Afrika Kaskazini lililodai kwamba sakramenti za watumishi walioanguka ni batili, pale askofu Augustino aliposhikilia kwamba neema ni ya Kristo, si ya anayeihudumia.

Upande wa pili nao una kosa lake, kudai kwamba aliyeanguka hawezi kamwe kurudi. Mchungaji Gordon MacDonald alijiuzulu urais wa InterVarsity, shirika la wanafunzi Wakristo nchini Marekani, mwaka 1987 baada ya uzinzi wake kujulikana, akajiweka chini ya usimamizi wa wachungaji wenzake, na waliomsimamia ndio waliomrudisha katika huduma. Hakujirudisha mwenyewe, wala hakufungua kanisa jipya mtaa wa pili, kama ambavyo hutokea sana kwetu.

Lililosahaulika zaidi ni nyumba ya mchungaji. Mtumishi anaposimamishwa, mkewe na watoto hukaa katika nyumba ya kanisa bila mshahara wala salamu, ingawa hawakukosa lolote. Baraza linaloandika katika kumbukumbu zake muda wa kusimamishwa lina wajibu wa kuandika pia nani atamsimamia, aliyeumizwa atasaidiwaje na kwa fedha ipi, na familia ile itakula nini hadi muda huo uishe.