Karatasi Yenye Namba Moja: Jinsi Akili Ilivyofanywa Kitu cha Kupimwa

Mama mmoja mkazi wa Kayole alifika katika idara yetu ya saikolojia akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne. Mwanawe, aliye gredi ya nne, alikuwa amepimwa akili, na juu ya karatasi hiyo palikuwa na jedwali dogo, sahihi isiyosomeka, na namba 78 iliyopigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Swali lake lilikuwa fupi: "Daktari, niambie tu ukweli. Huyu mtoto ana akili au hana?"

Mimi hufundisha historia na falsafa ya saikolojia, somo ambalo wanafunzi wengi hulichukua kama mzigo wa kubebwa hadi siku ya mtihani. Hata hivyo, swali la mama yule haliwezi kujibiwa kwa uaminifu bila historia hiyo, kwa sababu namba ile haikutoka kichwani mwa mtoto peke yake. Ilitoka pia katika maamuzi yaliyofanywa na watu wengine, katika miji mingine, kwa muda wa zaidi ya miaka 100.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba wapo waliokana kabisa kuwa mambo ya nafsi yanaweza kupimwa. Mwaka 1786 mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika kwamba elimu ya nafsi haitakuwa kamwe sayansi kamili ya maumbile, kwa kuwa yanayopita ndani ya nafsi hayakubali kuingizwa katika hesabu. Jibu zito lilitoka Leipzig, Ujerumani, mwaka 1860, pale Gustav Fechner alipochapisha kazi yake kuhusu uhusiano wa uzito wa kitu na hisi ya anayekibeba. Wachukuzi wa soko la Marikiti, Nairobi, wanalijua jambo hilo kwa miili yao: nyanya moja ikiongezwa kwenye mfuko wa kilo moja, mkono unaihisi, lakini nyanya hiyo hiyo ikitupwa ndani ya gunia, mgongo hauna habari. Fechner aliliandika jambo hilo kwa fomula, na tangu hapo ikawezekana kusema kwamba hisi nayo ina hesabu yake.

Mwaka 1879, katika mji huo huo, Wilhelm Wundt alianzisha maabara ambayo vitabu vingi huitaja kuwa ndiyo mwanzo wa saikolojia kama taaluma ya chuo kikuu. Mtu aliketi mezani, kidole kimekandamiza swichi ya simu ya maandishi, masikio yakingoja sauti ya mpira mdogo wa chuma unaoanguka. Aliposikia, aliinua kidole, na saa iliyoweza kuhesabu sehemu ya elfu moja ya sekunde ikasimama. Mwaka 1888 Ludwig Lange alieleza kwamba mtu aliyeelekeza nia yake kwenye sauti yenyewe alichelewa kwa takriban sehemu ya kumi ya sekunde kuliko yule aliyeelekeza nia yake kwenye kidole. Ni tofauti ndogo sana, lakini ilionekana kana kwamba fikra imenaswa ikipita.

Mambo mawili kuhusu maabara ile husahauliwa, nami huyasisitiza kila mwaka. La kwanza ni kwamba waliopimwa walikuwa watafiti wenyewe: leo huyu yuko kwenye swichi na yule kwenye saa, kesho wanabadilishana, na Wundt mwenyewe alikaa kwenye kiti hicho. Aliyepimwa alikuwa mwenzao, mtu ambaye maelezo yake yaliheshimiwa. La pili ni kwamba Wundt hakuamini kuwa maabara ingetosha. Alishikilia kuwa lugha, mila na dini havielezeki kwa swichi na saa, akatumia miaka 20, tangu 1900 hadi 1920, kuandika mabuku 10 kuhusu saikolojia ya jamii. Taaluma iliichukua saa ikayaacha mabuku, na mimi naliona hilo kuwa hasara ambayo bado tunailipa.

Kipimo cha akili kilizaliwa mbali na Leipzig. Serikali ya Ufaransa ilitaka njia ya kuwatambua watoto waliohitaji mafundisho ya pekee, na mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon wakatoa orodha ya majaribio 30, yakianzia mepesi kuelekea magumu. Mtoto alitakiwa kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka, kufungua karatasi iliyofunika peremende kabla ya kuila, kurudia tarakimu tatu alizosomewa, kutaja vitu vilivyo katika picha. Ni kazi za kawaida, na wema wa Binet ulikuwa katika ukawaida huo: alitaka mtoto asaidiwe, hakutaka apangiwe daraja la maisha. Yeye mwenyewe alionya kwamba kipimo chake hakipimi akili kama vile rula inavyopima urefu, kwa kuwa sifa za akili haziwezi kulazwa moja juu ya nyingine kama vipande vya mbao.

Binet alifariki mwaka 1911, na onyo lake halikudumu. Mwaka uliofuata William Stern, Mjerumani, alipendekeza umri wa akili, yaani umri ambao watoto wa kawaida huyaweza majaribio aliyoyaweza mtoto huyo, ugawanywe kwa umri wa kuzaliwa. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford akaizidisha hesabu hiyo kwa 100 katika toleo lake la kipimo cha Binet la mwaka 1916, na dunia ikapata IQ, namba ambayo kwayo 100 ni mtoto aliye sawa na umri wake. Majaribio 30 yaliyotofautiana yakawa namba moja, na namba moja ina tabia ya kujifanya kitu kimoja.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, takriban wanajeshi milioni 1.7 walipimwa kwa karatasi. Baadhi ya maswali yaliwataka waseme Crisco ni nini: dawa, dawa ya kuua vijidudu, dawa ya meno au chakula. Crisco ni mafuta ya kupikia. Basi tufikirie mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jana usiku, tumuulize Kimbo ni nini, na akikosa tuandike kwamba akili yake ni pungufu. Wahamiaji wengi kutoka kusini na mashariki mwa Ulaya walipata alama za chini kwa njia kama hiyo, na alama hizo zikanukuliwa na waliotaka mlango wa nchi ufungwe.

Hapa ndipo falsafa inapoingia. Mwaka 1923 mwanasaikolojia Edwin Boring aliandika kwamba akili ni kile ambacho vipimo vya akili hupima. Wengi huisoma kauli hiyo kama mzaha, ilhali ni msimamo kamili wa kifalsafa, unaosema kuwa maana ya dhana ya kisayansi ni hatua za kuipima na basi. Ubaya wake ni kwamba hakuna aliyeutii. Aliyesema asubuhi kwamba akili ni alama tu, jioni aliizungumzia kama kitu kilichomo ndani ya fuvu, kinachorithiwa, ambacho watu fulani wanacho kingi na wengine kidogo. Dhana inapogeuzwa kitu kwa siri namna hiyo, hatua inayofuata huwa ni kukitafuta kitu hicho kwa kisu na mizani.

Hatua hiyo ilifikiwa hapa Nairobi. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon, aliyefanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alidai kwamba ubongo wa Mwafrika wa Afrika Mashariki ni duni kwa maumbile, na F. W. Vint akachapisha mwaka 1934 vipimo vya bongo za Waafrika alivyovifanya jijini humu. Mwaka 1933 walowezi walikuwa wameunda chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Waliomba fedha London, wakanyimwa.

Aliyefuata alikuwa na sauti kubwa zaidi. J. C. Carothers aliongoza Mathari tangu 1938 hadi 1950, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kazi yake iliyomlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ilichapisha ripoti yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, ambamo upinzani wa watu walionyang'anywa ardhi ulielezwa kwa kiasi kikubwa kama msukosuko wa nafsi. Alikuwa pia ameandika kwamba wazimu ni haba miongoni mwa Waafrika, na huzuni kuu ni nadra zaidi. Lakini alikuwa amewahesabu akina nani? Waliolazwa. Mwanamke aliyekaa kimya kijijini, asiyekula, aliyesemwa na majirani kuwa ana mawazo mengi, hakuna askari aliyemkamata kumpeleka Mathari. Hakuhesabiwa, na kutohesabiwa kwake kukawa ushahidi kwamba hakuwepo. Simsomi Carothers darasani ili tumlaani tu. Namsoma kwa sababu kosa lake, la kudhani kwamba walioingia mlangoni ndio watu wote, lingali linafanyika katika tafiti za leo.

Nchi hii hii ndiyo iliyotoa baadhi ya majibu yaliyo bora zaidi. Watafiti waliowauliza wanakijiji Waluo maana ya akili walipewa maneno manne: rieko, ambalo ni ujuzi na uwezo, luoro, ambalo ni heshima, winjo, ambalo ni kuelewa hali ilivyo, na paro, ambalo ni kuanzisha jambo bila kusukumwa. Shule na karatasi zake hugusa sehemu ya rieko tu. Sara Harkness na Charles Super, waliofanya kazi miongoni mwa Wakipsigis wa Kokwet katika miaka ya 1970, walikuta kwamba mtoto mwenye akili ni yule ambaye unaweza kumwachia kazi ya nyumbani ukaondoka. Kiswahili nacho hakijanyamaza: akili ni nywele, kila mtu ana zake. Waliotunga methali hiyo hawakuwa na maabara, lakini walisema jambo lililo karibu sana na onyo la Binet.

Jibu jingine lilitoka Embu. Watoto wa huko walipimwa mwaka 1984, na wengine wa rika hilo wakapimwa mwaka 1998, na alama za kutambua mpangilio wa michoro zilikuwa zimepanda sana. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 14. Watafiti walitaja mambo ambayo yanaweza kubadilika kwa muda huo: kisomo cha wazazi, lishe, ukubwa wa familia. Ningetamani Gordon angekuwepo aisome ripoti hiyo.

Basi tuliigeuza karatasi ya mama yule pande zote mbili. Haikuonyesha mtoto aliulizwa kwa lugha gani, wala wastani aliolinganishwa nao ulitokana na watoto wa wapi na wa mwaka gani. Mama alikumbuka kwamba maswali yote yalikuwa ya Kiingereza, ilhali nyumbani wanazungumza Kikamba na Kiswahili. Nilimuuliza mtoto hufanya nini akitoka shule. Hubaki kwenye kibanda cha mboga, akasema, na hurudisha chenji ya noti ya 500 bila kukosea, ila hawezi kusoma majina katika daftari la madeni.

Sikumwambia kwamba namba ile ni uongo, kwa sababu kushindwa kusoma daftari lile ni jambo la kweli na linahitaji kuchunguzwa, yakiwemo macho yake. Nilimwambia kwamba karatasi haijajibu swali alilouliza. Jumanne ijayo atarudi na mtoto, naye ataleta lile daftari, na tutaanza kwa Kiswahili.