Tamu si sukari tu

Keti kwenye kibanda chochote katika soko la Gikomba, Nairobi, uagize chai, kisha useme, "Mama, chai yako ni tamu." Huenda akakushukuru. Huenda pia akauliza kama amezidisha sukari. Neno ni moja, na maana zote mbili ni sahihi.

Maana pana ni hii: kitu ni kitamu kikiufurahisha ulimi. Mutura, yaani utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, ukitoka motoni na kutiwa chumvi na pilipili, ni mtamu bila chembe ya sukari. Nyama choma ya Kariokor ni tamu. Maana finyu ni ya asali, muwa na embe lililoiva. Ukitaka kujua msemaji amekusudia ipi, tazama kinyume chake. Kinyume cha utamu wa asali ni uchungu, au uchachu wa embe bichi. Kinyume cha utamu wa mutura ni uchapwa: chakula dufu, kisichokolea chumvi.

Tofauti hii inanigusa hasa kliniki. Shosho (bibi mzee) mwenye kisukari akiambiwa apunguze "vitu vitamu", anaweza kudhani ananyimwa chakula kizuri, na chai yake ya vijiko vitatu isiguswe. Heri vitajwe kwa majina: sukari, soda, keki.

Ladha ni jirani wa utamu, si pacha wake, kwani ladha huweza kuwa mbaya. Hata hivyo imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya raha, ndiyo maana mtu husema maisha yake yamekosa ladha na akaeleweka mara moja.

Nje ya chakula, utamu umetapakaa. Usingizi wa alfajiri ni mtamu, hasa mvua ya Aprili ikipiga mabati. Hadithi ni tamu. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, kwa hiyo sifa hiyo hubeba pia onyo la kurubuniwa.

Penye binadamu, chunga. Utamu hutumika pia kwa raha ya mwili, na kumwambia mfanyakazi mwenzako "wewe ni mtamu" ni kumtongoza, hata kama ulitaka tu kusifu upole wake. Sauti yake iite tamu, mazungumzo yake matamu. Yeye mwenyewe mwite mcheshi, au mtu wa roho safi.